Mkojo wa wanaanga wawa maji, mbolea yatupwa

WANAANGA wanaoishi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hunywa maji yaliyotokana na mikojo yao. Mtambo wa kuisafisha ulipelekwa na chombo cha Endeavour Novemba 2008, na maji yake yakaanza kunywewa Mei 2009. Mwaka 2023, Shirika la Anga la Marekani (NASA) lilitangaza kuwa asilimia 98 ya maji, yakiwemo ya jasho na pumzi, yanarejeshwa.

Hayo si mafanikio madogo. Mtu mmoja anahitaji karibu lita nne kwa siku za kunywa, chakula na kujisafisha. Safari ya Mars, kwenda na kurudi, inakadiriwa kuchukua miaka mitatu hivi. Watu wanne wangelazimika kubeba zaidi ya tani 17 za maji. Kwa kiwango hicho cha urejeshaji, kinachopotea ni kama lita 350 tu.

Tatizo limebaki kwenye chakula. Mkojo una naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na urea iliyomo ni ile ile ambayo mkulima huinunua dukani kwa mfuko. Lakini kituoni, kabla ya kusafishwa, mkojo hutiwa asidi na kemikali yenye kromiamu ili urea isivunjike kuwa amonia na vijidudu visizaliane. Kromiamu hiyo ni sumu. Maji yakishakamuliwa, masalia hayafai hata kwa bustani ya mchicha, hutupwa. Kinyesi nacho hufungwa na kupakiwa kwenye vyombo vya mizigo, ambavyo huungua vikiingia kwenye hewa ya dunia.

Agosti 2015 wanaanga walikula saladi waliyoiotesha wenyewe. Mbolea yake ilikuwa imesafirishwa kutoka duniani.

Kwa hiyo mfumo uliopo umeokoa maji kwa kuharibu mbolea, na kuuongezea kifaa kimoja au viwili hakutasaidia. Mabadiliko lazima yaanzie chooni.

Shirika la Anga la Ulaya limekuwa likijaribu njia hiyo kwa zaidi ya miaka 30 kupitia mradi wa MELiSSA, wenye mtambo wa majaribio katika chuo kikuu kimoja cha Barcelona, Hispania. Humo bakteria huozesha taka, wengine hugeuza amonia kuwa naitreti, na naitreti hulisha mimea na mwani wa spirulina. Ugumu ni kwamba bakteria hawazimwi na kuwashwa kama pampu. Wakifa njiani, chakula na hewa huyumba kwa pamoja.

Majaribio ya muda mrefu angani yanahitaji mahali, na kituo kilichopo kiko ukingoni. Mwaka 2024 NASA iliipa kampuni ya SpaceX mkataba wa hadi dola milioni 843 za kujenga chombo cha kukishusha baharini. Vituo vya kampuni binafsi vinavyotarajiwa kukirithi vitategemea wateja, na mteja wa siku 10 hana sababu ya kulipia shamba.