Dar mpaka Moro kwa Baiskeli, Masaa Sita? Staa, Mabegi Yale Yamebeba Upepo!

Kiki za mjini sasa zinahitaji kikokotoo, jamani.

Staa mmoja wa Bongo Fleva na mpenzi wake, yule mrembo anayeuza wigi mtandaoni, wametupia picha wikiendi hii. Baiskeli mbili kali, mabegi pembeni kulia na kushoto, hema limefungwa juu ya keria. Chini wakaandika: Dar mpaka Moro, mzigo kamili, masaa sita tu. Wafuasi wakamwaga makopakopa kama kawaida.

Haya, piga hesabu. Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190. Gawanya kwa sita: zaidi ya kilomita 31 kwa saa, bila kusimama hata kununua maji. Mshindi wa Tour de France, mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, baiskeli haina hata sufuria na amekingwa upepo na kundi zima, wastani wake ni 40 na ushee. Mwenye hema na mabegi akitembea 15 kwa saa mchana kutwa, huyo kajitahidi sana. Na kwa 15 hiyo, Moro ni zaidi ya masaa kumi na mawili ya kukanyaga pedali tu. Jua lenyewe halikai angani muda wote huo.

Halafu yale mabegi. Baiskeli yenye mzigo haifichiki. Ukianza kuondoka usukani unacheza, kwenye mteremko breki inashika kwa kuchelewa, na kuinyanyua kuivusha mtaro lazima umwite mtu. Huyu kwenye video kainyanyua kwa mkono mmoja, mkono wa pili unajipiga selfi! Na fulana yake pale Chalinze ilikuwa kavu utadhani ameshuka kwenye gari lenye kiyoyozi. (Wenye macho wameshaliona hilo gari, kwenye kioo cha miwani ya shemeji.)

Mtu angeweza kusema waacheni watoto wa watu wale bata. Sawa, kama ingekuwa ni picha za ufukweni. Ila pale chini ya posti vijana wameshaanza kupangana: Jumamosi nasi tunaenda, tukutane Kimara saa mbili asubuhi. Saa mbili! Mpaka wafike Mlandizi jua liko utosini na chupa ya maji imeshaisha.

Kimara mpaka Kibaha barabara ni pana, unajiona bingwa. Ukishaipita Kibaha inabana, na hapo unagombania lami na malori ya Tunduma, Zambia na Kongo. Semitrela ikikupita karibu, kwanza upepo wake unakusukuma nje, halafu unakuvuta ndani. Mwenye mabegi pembeni anavutwa zaidi, maana yale mabegi ni kama tanga. Giza likikukuta kati ya Chalinze na Mikese huna taa ya nyuma, dereva atakuona umeshakuwa chini ya bampa. Hayo staa hakuyaandika, kwa sababu hakuyapitia. Angeyapitia angesema lala Chalinze, Moro kesho.

Wanaojua safari ya mzigo wapo, ila hawana wafuasi. Ni wale jamaa wa mkaa wanaotoka upande wa Kisarawe usiku wa manane, Phoenix moja, magunia mawili, yamekazwa kwa mipira ya tairi bovu. Mlimani wanashuka wanasukuma. Breki ya pili ni kandambili. Mjini wanapigiwa honi na kuitwa washamba, tena na watu walewale waliomwagia staa makopakopa kwa kubeba mabegi matupu. Mwenye kilo zote zile anatukanwa, mwenye upepo anapewa dili la matangazo. Hii mnaitetea vipi?

Dawa ni ndogo tu, wala haihitaji ugomvi. Staa aweke video yote ya kutoka daraja la Ruvu mpaka Chalinze, bila kukata, halafu afungue zipu za yale mabegi mbele ya kamera. Kama ni kilo, zitaonekana. Na wale wa Jumamosi wasiondoke Kimara kabla hajaiweka.

Wadau, mlioko njia hiyo mliwaona wakikanyaga, au mliona gari tu? Dondosha komenti.