King'ora Bubu Hakifukuzi Mwizi

Majuzi jirani yangu aliibiwa usiku stima ikiwa imepotea, king'ora kikiwa kimya ukutani. Betri ilikuwa imekufa zamani. Betri hizo za volti 12 kwa kawaida huchoka baada ya miaka 3 hadi 5.

Kila mwezi, waarifu majirani, tega king'ora, zima swichi kuu, ungoje nusu saa, kisha fungua mlango usikilize. Kisipolia, mwite fundi.

Pangusa pia utando wa buibui kwenye kifaa kinachohisi mwendo. Buibui akipita hapo king'ora huweza kulia bure, na jirani aliyezoea kelele za bure hataamka siku ya hatari.

Mfanyakazi akiacha kazi, badilisha nambari ya siri siku iyo hiyo.