Vigezo na Masharti Kuzingatiwa: Cha Bure Nacho Kina Mkataba



Matangazo ya promosheni redioni huishia na ile sauti inayokimbia kama bodaboda isiyo na breki: "vigezo na masharti kuzingatiwa." Tunacheka, tunaendelea na mambo yetu. Leo naomba tusimame hapo hapo, kwa sababu vijana wetu wanaotengeneza video za 3D, gemu na mabango ya mtandaoni wanafanya kazi chini ya masharti ambayo wengi wao hawajawahi kuyasoma.

Nazungumzia programu za kutengenezea tekscha. Kwa asiyejua, tekscha ni ile picha inayovikwa juu ya umbo la 3D ili ukuta uonekane wa tofali, bati lionekane lina kutu, kanga ionekane kitambaa na si karatasi. Bila tekscha, nyumba yako ni boksi la kijivu. Programu kubwa za kazi hii zinalipiwa kwa dola, na mwanachuo anayesubiri bumu hana dola. Kwa hiyo kila mtu anatafuta ya bure. Sawa kabisa. Swali langu ni moja tu: bure ya namna gani?

Maana kuna bure mbili, na tukizichanganya tunaumia.

Ya kwanza ni bure ya hisani. Mwenye mali ameamua leo asikutoze. Kesho akibadili mawazo, huna cha kumwambia. Chukueni mfano wa Megascans, maktaba kubwa ya tekscha ya kampuni ya Quixel. Epic Games iliinunua Quixel mwaka 2019, na maktaba ile ikawa bure kwa wanaotumia Unreal Engine. Mwaka 2024 ikahamishiwa kwenye soko la Fab, watu wakaambiwa wachukue bure mpaka mwisho wa mwaka. Kuanzia 2025 sehemu kubwa ikawekewa bei. Waliowahi walibaki na walichochukua, waliochelewa wakatoe pesa. Hakuna aliyeonewa hapo. Mali ilikuwa ya mwenyewe tangu mwanzo.

Ya pili ni bure ya haki. Hapa leseni yenyewe inakupa uhuru ambao hata aliyeutoa hawezi kuamka asubuhi na kukunyang'anya. Mfano wake ni Blender. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiimiliki, NaN, ilifunga milango. Wawekezaji wakakubali kuachia msimbo wake kwa euro 100,000. Muasisi wake, Ton Roosendaal, akaitisha mchango kwa watumiaji, na hela ikatimia ndani ya wiki saba. Oktoba 2002 Blender ikatoka chini ya leseni ya GPL, na mpaka leo ni ya kila mtu. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyo hiyo unayoweza kuipakua leo ukiwa hosteli. Sisi tunaojua maana ya kuchangishana ili jambo liende, hadithi hii inatuhusu.

Sasa ukitafuta programu ya tekscha, anzia kwenye kundi hili la pili. Material Maker ina leseni ya MIT: itumie, ibadilishe, hata uiuze, sharti ubakize tangazo la hakimiliki unapoisambaza. Krita na GIMP, kwa wanaochora kwa mkono, ziko chini ya GPL. Blender yenyewe inaweza kukutengenezea tekscha bila programu nyingine. ArmorPaint nayo ina msimbo ulio huru chini ya leseni ya zlib, lakini programu iliyokwisha kuandaliwa inauzwa. Usishangae. Kuwa huru na kutokuwa na bei ni mambo mawili tofauti.

Kuna uvumi lazima niuzime hapa. Wapo wanaosema ukitumia programu ya GPL, kazi yako nayo lazima uigawe bure. Si kweli. Masharti ya GPL yanaishika programu pale unapoisambaza. Tekscha uliyoichora ndani ya Krita ni yako, kama vile insha ilivyo ya aliyeiandika na si ya mwenye kiwanda cha kalamu.

Lakini programu kuwa huru hakusafishi kila unachoingiza ndani yake. Hapa ndipo wengi wanateleza. Unafungua Material Maker safi kabisa, halafu unaingiza picha ya ukuta uliyoiokota Google. Picha ile ina mwenyewe. Kwa sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki inazaliwa kazi inapotengenezwa, isajiliwe COSOTA isisajiliwe. Kukosa alama ya © hakumaanishi haina mwenyewe.

Ukihitaji picha za kuanzia, nenda Poly Haven au ambientCG. Hizo zinatoa kwa CC0, yaani mwenyewe amejivua haki zake kadiri sheria inavyoruhusu. Ukikuta CC BY, lazima umtaje mtunzi. Ukikuta NC, kaa chonjo: hairuhusu matumizi ya kibiashara. Video ya kuhamasisha watu wajiandikishe kupiga kura inaweza isiwe biashara, lakini fulana unayoiuza na chaneli yenye matangazo ya kulipwa zitakuingiza kwenye ubishi usio na haja nao.

Na hili ni la wanasiasa hasa: leseni za Creative Commons hazikupi ruhusa ya kuonyesha kwamba mtunzi anakuunga mkono. Mtaje jina kama leseni inavyotaka, lakini usimgeuze mwanachama.

Najua jibu linalokuja. "Dada, nani atanishtaki mimi wa Mbagala kwa sababu ya picha ya ukuta?" Pengine hakuna. Ila YouTube haihitaji hakimu. Maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanatosha chaneli kufungwa. Fikiria hilo likitokea wiki ya mwisho ya kampeni. Asiyetupenda hana haja ya kujibu hoja yetu, anamtafuta tu mwenye picha na kumwambia alalamike.

Na mahakama nazo hazichukulii leseni ya bure kama mapambo. Mwaka 2008, katika shauri la Jacobsen dhidi ya Katzer, mahakama ya rufaa nchini Marekani ilisema anayepuuza masharti ya leseni huria anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Kilichogombewa kilikuwa programu ya treni za kuchezea, iliyotolewa bila senti. Uamuzi ule haufungi mahakama zetu, lakini hoja yake ina uzito: aliyetoa bure hajatoa bila masharti.

Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi. Sisi ndio tunaopaza sauti kila siku kwamba mikataba ya nchi iwekwe wazi, isomwe, ijadiliwe kabla ya kusainiwa. Ni dai la haki na sitaliacha. Lakini tutalidai kwa uso gani ikiwa sisi wenyewe tunabofya "Nakubali" kwa mkataba wa kurasa kumi ndani ya sekunde mbili?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila timu ya vijana inayotengeneza picha na video iwe na daftari, hata la Excel: jina la programu, jina la tekscha, ilikotoka, leseni yake, tarehe ya kupakua, na nakala ya masharti ya siku hiyo. Na kabla hujapakua, jiulize: Naweza kuitumia kwa kazi ya kulipwa? Natakiwa kumtaja nani? Je, wanaweza kubadilisha masharti nikiwa katikati ya kazi?

Ukishindwa kujibu moja, usibofye kwanza. Uliza. Wanafunzi wa sheria tupo kila wilaya, na hatutozi.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu.