Kabichi yenye tundu na kabichi yenye sumu

Katika masoko ya Kakamega kabichi hununuliwa kwa macho. Mnunuzi hulipindua jani, na akiona tundu moja tu husogea kwa mchuuzi mwingine. Mkulima anayelijua hilo hunyunyiza sumu leo, kesho kutwa akarudia, na keshoye akavuna. Simlaumu sana, kwani adui yake, nondo mgongo-almasi, amekwisha kuzizoea sumu nyingi. Lakini mlaji wa kabichi hiyo ni nani, ikiwa si mwanafunzi wa bweni?

Nashangaa, basi, kwamba dawa za bakteria hazizungumzwi miongoni mwetu. Bakteria hao waligunduliwa Ujapani mwaka 1901 wakiua viwavi wa hariri, na mwaka 1915 Mjerumani Ernst Berliner akawapa jina la Bacillus thuringiensis. Kiwavi hana budi kulila jani lenye dawa. Utumbo wake una hali ya magadi. Humo fuwele za protini huyeyuka na kuutoboa. Baada ya saa chache huacha kula, na hufa siku mbili tatu baadaye. Tumbo la binadamu, lenye asidi, haliathiriki hivyo.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Hunyunyiza asubuhi, jioni wakawakuta viwavi wangali hai, wakalalamika kwamba wameuziwa maji! Tena jua huiharibu dawa hii na mvua huiosha, nasi mvua zetu hupenda kunyesha alasiri. Wakati wake ni jioni, mvua ikiisha kupita, nayo ifike chini ya majani viwavi wangali wadogo.

Hata hivyo, tusiitumie pekee. Mwaka 1990 iliripotiwa kutoka Hawaii kwamba nondo huyuhuyu amekuwa sugu katika mashamba yaliyonyunyiziwa mno dawa hiyo. Shirika la ICIPE lilimleta kutoka Taiwan nyigu Diadegma semiclausum, ambaye hutaga yai ndani ya kiwavi, likamwachilia katika milima ya Taita mwaka 2002. Sumu kali humwua nyigu pamoja na kiwavi. Bakteria humwacha aendelee na kazi yake.

Walimu wa Kilimo wanaweza kuanza muhula huu. Watenge matuta mawili katika shamba la shule, moja lenye dawa ya bakteria na jingine lisilonyunyiziwa kitu, wanafunzi wahesabu viwavi kila wiki, na daftari la hesabu hiyo wasomewe wazazi watakapokuja mkutanoni.