Maji Hayajui Kama Wewe ni Jasiri

Wasee, hii itawaudhi wengine. Tuache kusifu vijana wanaojifunga kamba kiunoni na kuruka kwenye mto uliofurika kutafuta miili. Si kwamba hawafai sifa. Ni kwamba sifa ndiyo kitu pekee tunachowapa.

Mnakumbuka Desemba 4, 2021? Basi lililobeba wanakwaya wakienda harusi lilisombwa na Mto Enziu, huko Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji, watu wa pwani, ndio walibidi waletwe Kitui. Na 2019, gari lilipotumbukia kutoka kwa feri Likoni, mama na bintiye walikaa chini mita 58, karibu wiki mbili, kabla ya kutolewa na kuzikwa huku Makueni.

Sasa kuna wale watasema, "Si tuna vijana wanajua kuogelea?" Boss, kuogelea si kuzamia. Kuzamia ni hesabu ya uzito.

Chukua mtungi wa lita 20, mtupu, ufunge kifuniko, kisha ujaribu kuuzamisha. Utakusukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 20. Maji ya mafuriko yamebeba mavi na mizoga, kwa hivyo mpiga mbizi anafaa kuvaa draisuti, lile vazi lisilopitisha maji hata tone. Lakini ndani yake kuna hewa. Amevaa mtungi, bana! Ndiyo maana anajifunga vipande vya risasi, ile madini nzito, ndio azame.

Na hapo ndipo ujasiri unaua. Ukishuka mita 10 tu, hewa ndani ya vazi inabanwa hadi nusu. Unakuwa mzito, unashuka mbio, hadi uongeze hewa kutoka kwa mtungi wako. Ukipanda, hewa ileile inapanuka. Usipoitoa kupitia vali iliyo begani, inakimbilia miguuni, unapinduka kichwa chini na kufyatuka juu. Mapafu yanaweza kupasuka. Na asiyefunzwa hufanya nini akiona hazami? Anaongeza risasi. Risasi nyingi zinadai hewa nyingi, na hewa nyingi ndiyo ngumu kudhibiti. Uzito sawa ni ule unaotosha, basi.

Hii haifunzwi na kamba wala na makofi. Inafunzwa polepole, kwenye maji tulivu, na mwalimu na vifaa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo msiniambie najifanya profesa. Hii ni fizikia ya shule ya upili. Shida si akili ya vijana wetu, shida ni bajeti.

Na maji makubwa yanakuja. Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, limepangwa kubeba mita milioni 688 za ujazo, nyuma ya ukuta wa mita 80 hivi. Hicho ni kirefu kuliko pale Likoni. Mtoto akizama huko, tutapigia nani simu? Mombasa tena?

Magavana wetu wawili, chagueni vijana sasa. Walipieni mafunzo, wanunulieni vifaa, waandikeni kazi. Na wewe unayesoma, siku MCA wako akija kupiga picha na "mashujaa wa mto", muulize swali moja tu: umewanunulia nini?