Zege halishiki kwa kukauka

Ukipita Pipeline ama Ruaka utaona ghorofa zikiongezeka kila baada ya wiki chache. Wewe unayesaka keja huko, umewahi kuona mtu akiimwagia slabu mpya maji?

Wengi hudhani zege hushika kwa kukauka, kama matope ukutani. Wapi! Saruji hushika kwa kutumia maji, mmenyuko wa kikemia unaoendelea kwa majuma. Maji yakiisha mapema, nao unasimama. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28. Likitunzwa vizuri, siku ya 7 huwa limefika thuluthi mbili hivi. Likiachwa juani bila tone, laweza kukosa karibu nusu ya nguvu ambayo lingepata. Na kwa macho huwezi kujua, kwa sababu slabu mbovu na nzuri zinafanana.

Njia bora kwa slabu ni kuizungushia kingo ndogo za mchanga kisha kuijaza maji yatulie juu. Nguzo huwezi kuijaza, kwa hivyo hufungwa magunia yaliyoloa ama karatasi ya nailoni. Ile ya kurusha maji kwa mkebe asubuhi na jioni, ambayo ndiyo naiona kila mahali, ni dhaifu: zege linaloa, linakauka, linaloa tena, na nyufa zinaanza. Nguzo ndizo husahaulika kabisa, ilhali ndizo zimebeba nyumba.

Isitoshe, simiti nyingi ya bei nafuu hapa Kenya, ile ya 32.5, imechanganywa na pozolana. Hiyo hupata nguvu polepole, kwa hivyo wiki moja ya maji haitoshi. Ipe siku 10 hadi 14.

Najua jibu la mwenye ploti: Nairobi maji ni ya mgao. Kweli, lakini mtu aliyenunua vyuma na malori ya kokoto hawezi kuniambia ameshindwa na bauza ya maji. Ana haraka ya kodi tu. Na nailoni haihitaji hata bauza, inazuia maji yaliyo ndani yasitoroke.

Jumba la Huruma lilipoporomoka Aprili 2016, mjadala ulikuwa wa vibali na ukingo wa mto, na ulistahili. Ila kibali hakimwagilii slabu maji.

Na wewe uliye kwa mjengo, ukitumwa kubandua mbao za chini ya slabu siku ya nne, uliza kwanza mhandisi yuko wapi.