Mwanagenzi Aliyehukumiwa Bila Shahidi

Tarehe 16 Septemba 2024, michezo miwili tu tangu msimu kuanza, Dave Canales, mwalimu wa timu ya Carolina Panthers, alitangaza kuwa kijana Bryce Young atakaa benchi na mkongwe Andy Dalton ashike nafasi yake. Na wengi waliosikia habari hiyo wakasema kwamba hukumu ilikwisha kupita tangu 2023, mwaka wa uanagenzi wake, na kilichobaki kilikuwa kuitekeleza. Mimi naiona hukumu ile kuwa batili, kwa kuwa shahidi mkuu hakuitwa.

Katika kandanda ya Kimarekani, kwotabeki ndiye aupokeaye mpira mwanzo wa kila shambulio, akaamua katika sekunde kama tatu amrushie nani. Hesabu za Young za mwaka ule ni mbaya, wala sizifichi: yadi 2,877, pasi za mabao 11, pasi 10 zilizonaswa na wapinzani, kuangushwa mara 62 na mpira ungali mkononi, na timu iliyoshinda mara mbili ikashindwa mara 15. Wanaomlaumu huongeza kuwa ni mfupi, kuwa hukawia kurusha, na kuwa C. J. Stroud, aliyechaguliwa wa pili nyuma yake katika uteuzi wa wachezaji wapya, alipata yadi 4,108 huko Houston kwa wapokeaji ambao nao hawakuwa na sifa. Haya, ufupi ni kweli, na kukawia kupo. Lakini Nico Collins wa Houston alipata yadi 1,297 msimu ule, na huyo si mtu wa wastani.

Hebu msomaji aitazame pasi moja kwa karibu. Kwotabeki stadi hamrushii mtu, hurusha mahali: mpira humtoka mkononi ilhali mpokeaji bado amempa kisogo, kwa kuamini kwamba akifika hatua fulani atakata kona, atageuka, na viganja vyake vitaukuta mpira umewasili. Mpokeaji akichelewa nusu hatua, au akishindwa kujinasua na beki aliyemganda kama kupe, mpira ule ule, uliorushwa kwa ustadi ule ule, huandikwa daftarini kuwa taksiri ya mrushaji. Na mrushaji akisita, huangushwa, na hilo nalo likaandikwa kwa jina lake. Basi mbele ya Young alikuwapo nani? Adam Thielen, aliyekwisha kutimiza miaka 33, alipokea pasi 103, na hakuna mwingine aliyefika 50. Jonathan Mingo, mwanagenzi mwenziwe, alipokea 43, wala hakufunga bao hata moja.

Na mpokeaji wa kweli Panthers walikuwa naye! D. J. Moore walimtoa wenyewe kwa Chicago, pamoja na zamu zao kadhaa za kuchagua wachezaji wapya, ili wapate zamu ya kwanza ya kumchukua huyo huyo Young. Waliuza tanga wapate ujira wa nahodha, kisha chombo kilipokataa kwenda wakamshtaki nahodha kwamba hajui bahari. Mwaka ule ule, huko Chicago, Moore alipokea pasi 96 kwa yadi 1,364. Waungwana, pengo hilo liandikwe katika daftari la nani?

Young alirejea uwanjani tarehe 27 Oktoba 2024, dhidi ya Denver. Si kwamba wakubwa walirudi kwenye insafu. Dalton alikuwa ameumia kidole gumba katika ajali ya gari.